Hatua Saba Kulia

Tartu, Februari. Saa tisa alasiri, taa tayari zimewashwa.
Heldur wa idara ya nyaraka ameniletea barua
zilizoandikwa kwa penseli, zikapigwa chapa upya,
mia nne na kumi na mbili,
za watu waliopakiwa kwenye mabehewa ya ng'ombe
wakashushwa mahali ambapo msitu hauna jina.
"Zitie alama," akasema, "majina, miji, tarehe,
wajukuu wakitafuta wapate."
Akaacha glavu zake mezani pangu. Husahau kila mara.

Mfereji wangu ni mrefu. Barua huingia nzima:
mtumishi wa kwanza hukata sentensi,
wa pili huchambua maneno kama mchele,
wa tatu hunusa majina, mbwa wa forodha,
wa nne sijui hufanya nini,
ila nikimwondoa wenzake wote hugoma.
Mwisho wa mfereji pana dirisha, huduma ya wavuti.
Unabisha kwa ombi, unapewa jibu:
si barua, ni hesabu tupu,
anzia hapa, ishia hapa, huyu mtu, huu mji.

Jana nilibisha kwa barua ya Õie.
Seva ikajibu mia mbili, yaani salama.
Seva husema salama hata nyumba ikiungua.

Nikazipaka alama rangi juu ya maandishi.
Õie anauliza, Kas Võrus leiba on,
huko Võru mkate upo?
Rangi ya mji ilikuwa imeiruka Võru
ikatua juu ya leiba.
Mahali: mkate.

Mstari wa chini anamwita dada yake,
Leida, lumi on aknani,
Leida, theluji imefika dirishani.
Rangi ya mtu ilikuwa imempita Leida
ikalalia theluji.
Mtu: theluji.

Na sahihi yake pale mwisho, herufi tatu tu,
rangi yake ilidondoka nje ya karatasi,
peupe, pasipo neno.
Mtu:

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka.

Kosa nililijua kabla kahawa haijapoa.
Lugha yetu ina herufi zinazovaa kofia.
Mimi naihesabu õ moja, mashine inaihesabu mbili,
kama karani anayemtoza mgeni nauli
na kofia yake nauli.
Kila kofia inasukuma alama hatua moja kulia,
na bandubandu huisha gogo:
kofia sita, mji umekuwa mkate,
ya saba ni ya Võru yenyewe, na dada amekuwa theluji,
na Õie, aliyezaliwa na kofia kichwani mwa jina lake,
hayumo.

Dawa ilikuwa mstari mmoja wa msimbo.
Nikabisha tena. Mia mbili. Salama,
safari hii salama ya kweli:
Võru ni mji, Leida ni mtu,
Õie amerudi chini ya barua yake, herufi tatu, kofia moja.
Theluji ikavuliwa utu
ikarudi kuwa theluji.

Jibu la kwanza sikulifuta.
Heldur alipofuata glavu zake alilikuta kwenye skrini,
akavaa mkono mmoja, akasimama.
"Theluji ni mtu?"
"Ilikuwa. Kwa muda wa kahawa moja."
Akatafuta tundu la kidole gumba, asilipate.
"Shangazi yangu alirudi kutoka kule," akasema.
"Kila asubuhi ya baridi alifungua mlango
akaiamkia. Tulidhani amechanganyikiwa."

Akaenda. Glavu ya pili ipo hapa bado.
Nje kunaanguka ile ile, bila alama,
nami nina barua mia nne na kumi na moja
za kubishia dirishani.